Herufi Mbili Sikioni

Haya yalimkuta jirani yetu tunayepakana naye ukuta, mke wa sonara, na kama ungemjua usingethubutu kusema anazua. Ni mwanamke wa maneno machache, isipokuwa jambo likimhusu mumewe. Hapo hakuwa na dogo. Mteja wa kike akizidisha kicheko mbele ya sonara, bangili yake ilichelewa wiki mbili.

Siku ilianza kama siku nyingine. Chumba chao cha mbele ndicho karakana: fuawe, nyundo, kopo la mihuri ya chuma yenye herufi, na pembeni meza ambapo mke hung'arishia vito. Asubuhi hiyo sonara alileta sarafu kuukuu za fedha alizonunua kwa kilo ili aziyeyushe. Alipozichambua akaona saba zimegongwa herufi mbili, H na S, juu ya kichwa cha mfalme. Akauzima moto.

Alimweleza mkewe kwamba zamani fundi akichonga muhuri mpya aliujaribu kwenye sarafu aone kama unauma sawasawa, kwa hiyo huyo H.S. bila shaka alikuwa sonara mwenzao. Akataka kumjua. Alipekua daftari kongwe za mafundi, akawauliza wauza vitu vya kale, akarudi mikono mitupu. Kazi za watu zikalala. Chakula kikapoa mbele yake, yeye kabandika kioo cha kukuzia jichoni, anatabasamu.

"Ana mkono mzuri, mwanamke huyu," alisema siku moja.

Mkewe akaacha kung'arisha. Akamuuliza nani kamwambia ni mwanamke.

"Namjua tu," alijibu sonara, bila kugeuka.

Wivu ukamkaa mke kooni kama mwiba wa samaki. Dada yake aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu: mke mwenza wa kuenea kwenye kiberiti, hali wala havai, unataka nini tena? Lakini dada mtu hakumwona shemeji yake akinyoa ndevu kabla ya kukaa na zile sarafu. Hakumsikia akizinong'oneza. Miaka kumi na sita ya ndoa, na mke hakuwahi kunong'onezwa vile. Alimchukia H.S. kwa roho yake yote.

Akaiba moja, akaipeleka kwa mzee mstaafu aliyemfundisha mumewe kazi. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, ila kidole gumba kilikuwa bado kinasoma. Aliipapasa sarafu, kisha akamrudishia upesi.

"Hii si ya majaribio," alinong'ona. "Muhuri hujaribiwa upande wa maandishi. Hakuna fundi anayeharibu uso. Huyu amegonga sikio."

Akamsimulia kwa sauti ya chini. H.S. alikuwa mke wa sonara, enzi za fundi aliyemfundisha mzee mwenyewe. Mume alipoanza kutazama pembeni, mwanamke alishika nyundo, akagonga herufi za jina lake mwenyewe kwenye sikio la mfalme wa sarafu huku akimwita mumewe. Mume akarudi. Ila mwanamke hakukoma hapo, akaanza kuwaita na waume za wenzake. Wanaume saba walitoka majumbani mwao mchana kweupe, wanaitika, na hawakuonekana tena. Mzee akamsihi aziyeyushe zote siku hiyohiyo.

"Lakini usizigonge," alisema. "Ukigonga, atakusikia."

Mke alisikia yote, akaondoka na neno moja tu: kwamba mume alirudi. Mimi ningewasha moto. Yeye alikuwa na donge, na donge lake lilitaka nyundo.

Mchana, sonara akiwa barazani na mteja, mke alizipanga sarafu saba kando ya fuawe. Akachukua muhuri wa R na wa K, herufi za majina yake. Akagonga juu ya H.S., akimwita mumewe moyoni. Herufi zilitoka upande. Kupitia mlangoni alimwona mumewe akishika sikio. Akagonga ya pili. Akashika tena. Ya saba ilipogongwa, sonara alimwacha mteja katikati ya neno, akaja kusimama mbele yake.

"Umeniita," alisema.

Basi akawa wake. Siku tano hakutazama sarafu, hakutazama wateja, alimfuata mkewe chumba hadi chumba, na mke hakuficha, alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Kisha akagundua kitu. Dada alimsalimu shemeji yake usoni, hakujibu. Gari lilimpigia honi mgongoni, hakushtuka. Alisikia sauti moja tu duniani, ya mkewe.

Siku ya sita, saa saba mchana, walikuwa wanakula. Mke alikuwa na tonge mdomoni. Sonara akainua kichwa kuelekea mlangoni.

"Naam, mke wangu," alisema.

Mke akameza. Hakuwa amesema kitu.

"Nakuja."

Akasimama. Mke akamshika mkono. Ulikuwa baridi. Akamwita. Akamwita tena, mdomo sikioni. Sonara alimtazama kama mtu aliyezuiwa njia na mgeni, akavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, kwa adabu.

"Samahani, dada," alinong'ona. "Mke wangu ananiita nje."

Akatoka. Jua kali. Barabara tupu. Mke akakimbia hadi kizingitini, na hapo akaisikia. Ilitoka kwenye kona ya mtaa. Sauti yake mwenyewe. Ilimwita mumewe kwa lile jina la chumbani, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alipofika kwenye kona, hapakuwa na mtu.

Sonara hajarudi hadi leo. Jioni ile mke aliwasha moto, akazitia sarafu zote kwenye chungu cha kuyeyushia. Saba zikawa maji. Chini ikabaki moja, ya nane, ambayo hakuwahi kuiona. Aliitoa kwa koleo, akaiweka mezani. Sikioni ilikuwa imegongwa R na K, zimenyooka, hazina hata mkwaruzo, kwa mkono mzuri ambao haukuwa wake. Akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa baridi.