Kompyuta Iliyokosa Mwenyewe

Kompyuta iliyofutwa haina la kusema, lakini hii ilikohoa.

Ilikuwa mchana, mwaka 2004, katika ofisi ya mradi wa kakao mjini Kyela. Naomi, katibu muhtasi, aliacha kupanga karatasi, akaitazama kompyuta ya mkononi iliyokuwa juu ya meza ya Marcel, mtaalamu wa mitambo aliyeletwa kutoka Moshi. Kioo kilikuwa cheusi. Marcel alikuwa ameifuta yote ili apige Windows upya, na kazi ilipofika katikati umeme ukakatika. Betri ilikuwa imekufa zamani, ila kwa kuwa ni mali ya wafadhili, kifo chake kilikuwa hakijaidhinishwa.

"Mwe, kaka Marcel, imekohoa."

"Ni feni."

"Feni bila umeme?"

Marcel alicheka, akachomoa waya ukutani ili amtulize, akaenda kula wali.

Harufu ilitangulia: tope la ziwani, lile linalooza chini ya mtumbwi uliosahauliwa. Kisha sauti, ndogo, ya karibu.

"Naomi."

Kwao Ndandalo mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiitwa mara moja na usiyemwona, nyamaza. Mtu wa kweli ataita tena. Naomi alilijua hilo. Lakini alikuwa pia mtumishi wa ofisi, na wakubwa hawana desturi ya kuita mara mbili.

"Abee!"

Marcel aliporudi alimkuta amejishika koo, mdomo ukifunguka na kufumbika bila neno, machozi yakimchuruzika; na kutoka ndani ya kompyuta, ambayo waya wake ulikuwa bado umelala sakafuni, sauti ya Naomi, ile ile iliyoongoza kwaya kila Jumapili, ilikuwa ikiimba taratibu, ikisita, ikirudia, kama mtu anayejaribu nguo dukani, na kila iliporudia ilimkaa vizuri zaidi huyo aliyeivaa.

Marcel alikimbilia kwa Shehe Muksini, muuza saruji mwenye asili ya Pangani, ambaye kabla mtu hajahamia nyumba mpya huitwa kuisomea zindiko, majini wasiingie. Shehe alipofika ofisini aliizunguka meza, akanusa.

"Ulitoa vyote vilivyokuwamo?"

"Vyote, shehe. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na jina la mwenyewe?"

"Huulizwa mwishoni. Hatukufika."

Shehe alitikisa kichwa. "Umehamisha watu, umeacha mlango wazi, hakuna zindiko, hakuna mwenyewe, tena karibu na ziwa. Mwanangu, hata mimi ningeingia."

"Binti atapona?"

"Nikisoma, jini atatoka, na sauti ya binti ataiacha. Wewe papo hapo maliza kazi, andika jina la mwenyewe, ama sivyo atarudi nayo na hatutaipata tena. Ila ujue, siku akirudi kubisha hodi, atambishia huyo huyo mwenye jina."

Marcel akamtazama shehe.

"Usinitazame," shehe alinong'ona. "Mimi nina wake."

Marcel naye alikuwa na watoto. Naomi alimshika shati, akalivuta.

"Kuna Mkuu wa Mradi," Marcel alisema mwishowe. "Wa zamani kahamishwa, mpya hajateuliwa. Mtu hayupo, cheo kipo."

"Cheo kina roho?"

"Mpaka sasa hakijaonyesha."

Umeme ulikuwa umerudi. Waya ukachomekwa, sidii ikaanza kuzunguka, shehe akaanza kusoma, na harufu ya tope ikazidi hadi macho yakawawasha, na ile sauti ikaacha kuimba, ikaanza kulia, kaka Marcel, usinifungie, ni mimi Naomi, huyo aliyekushika shati siye mimi, mtazame, kwa nini hasemi, kwa nini mkono wake ni wa baridi, na Marcel, ambaye mkono ule aliuhisi kweli kuwa wa baridi, alisita, vidole vikiwa juu ya herufi, shehe akipaza kisomo, Naomi akitikisa kichwa, akitikisa, hadi Marcel akafumba macho asimwone yeyote, akaandika: MKUU WA MRADI.

Harufu ya tope ikakatika.

Kisha Naomi akapiga yowe, yowe lake mwenyewe, akaangukia kifuani kwa shehe, akimshukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga! Ndaga fijo, shehe!"

Kompyuta ikawa nzima kuliko ilivyopata kuwa. Hakuna aliyetaka kukaa nayo, basi wakaifungia katika chumba cha mkuu, kwa kuwa kisheria ilikuwa yake.

Mvua zilipokwisha, Mkuu mpya akaletwa: Bwana Deusdedit, mcheshi, suti mpya, miaka mingi wizarani. Naomi alikuwa bado anatafuta funguo wakati bwana yule, kwa mzaha, alipougonga mlango.

"Hodi ofisini kwangu!"

Kutoka ndani, kulikokuwa na kompyuta peke yake, sauti nzito, ya mtu aliyezoea kiti, ikamjibu:

"Subiri nje."

Naye, kwa mazoea ya miaka mingi, akaitika, "Ndiyo, mzee," akatafuta benchi.