Meno ya Mwenye Kiko

Hii ilimpata ndugu yangu Nzau, yule ananifuata kwa kuzaliwa. Si stori ya kuambiwa. Nilikuwepo.

Nzau anatengeneza kiko za zamani. Watu wakisikia hivyo wanacheka, ati Nairobi hii nani bado anavuta kiko? Lakini wako. Kuna mawakili, kuna wazee wa golfu, na kuna wale hawavuti kabisa, wanapenda tu kuziangalia kwa kabati. Wanataka zile za Uingereza, za mbao ya mzizi, zile wazungu waliacha. Yeye pia amekusanya zake, amezitundika kwa ubao ukutani, pale chumba chake cha kazi River Road, ghorofa ya pili.

Siku hiyo nilitoka ngumbaru, darasa letu la watu wazima pale kanisani mtaa wa Satellite, nikampelekea muthokoi, ile mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Chini, wauzaji wa spana na misumari walikuwa wanapiga kelele zao za kila siku. Nzau alikuwa amepata mfuko mzima wa kiko kutoka Loresho, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa Krismasi.

"Madam wa ngumbaru," akaniambia akiinua kiko moja, "hebu soma hii, kama kweli hizo karo za kanisa zinafanya kazi."

"Kanisa haitozi karo, mjinga wewe. Leta."

Nikaisogeza kwa dirisha. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, zimechapwa kwa mbao yenyewe. Lon. Don. London. Halafu chini, made in England. Nikasoma yote bila kufuata na kidole. Nzau akapiga makofi, mimi nikacheka mpaka nikafunika uso. Mwaka juzi hizo zingekuwa mikwaruzo tu kwangu.

Ndio nikaona meno.

Ile sehemu ya kuweka mdomoni ni ya raba nyeusi, ngumu kama pembe. Mtu alikuwa ameiuma mpaka meno yakaingia ndani. Alama juu, alama chini. Lakini juu, upande wa kushoto, palikuwa na mahali pamoja laini kabisa. Mwenye kiko alikuwa na pengo.

"Ya nani hii?"

"Mzee mzungu. Alikufa, nyumba inauzwa. Yule mama alikuwa anamfanyia kazi, Waithera, ndiye alinipatia zote. Lakini hii hakuigusa. Aliisukuma kwa mfuko na mwiko."

Tulicheka sana juu ya huo mwiko.

Nikakaa nikimwangalia akifanya kazi, kwa sababu mikono yake ni mizuri kuangalia. Alikwangua masizi ndani na kisu kidogo. Akajaza chumvi na spiriti, itoe harufu. Zile alama za meno alizipitisha juu ya mshumaa, kwa sababu hiyo raba ikisikia moto inajiinua yenyewe, alama zinapotea. Akasugua na msasa laini mpaka ikang'aa. Ya mwisho huwa ni kuivuta bila tumbako, ajue kama hewa inapita.

Alipoipeleka mdomoni nikamshika mkono.

"Mwenyewe umempa?"

Nzau alijua naongea nini. Susu wetu, nyanya mzaa mama, alikuwa mvutaji. Alipokufa, mama aliijaza kiko yake tumbako, akaiwasha, akaiweka kwa kiti cha susu mpaka ikajizima. Mwenyewe amalize. Kwetu hakuna mtu angejivutia kiko ya marehemu kabla ya hapo.

"Huyu ni mzungu, Mukonyo. Hajui hayo mambo yetu."

Akavuta. Kiko ikalia, fyuu.

Halafu akatulia. Akaitoa mdomoni polepole, akaiangalia ile tundu.

"Nimevuta," akaninong'oneza. "Halafu yenyewe ikanivuta."

Kesho yake alama za meno zilikuwa zimerudi.

Alisema ni raba ya zamani, lazima hakuipasha vizuri. Akaipitisha kwa mshumaa tena, akaisugua tena. Zikarudi. Safari hii zilikuwa na kina kuliko mwanzo, na zilikuwa na maji. Kama kitu imetoka mdomoni saa hiyo tu.

Jumapili alikuja kwangu Satellite kula. Nilikuwa nimepika chapati na ndengu. Alitafuna, akanisimulia mambo ya wateja wake, akatafuna. Akaacha. Akaweka vidole mdomoni, akatoa jino.

Halikuwa na damu. Hakusikia uchungu. Aliliweka kando ya sahani na tukaliangalia.

La juu. Upande wa kushoto.

Tangu siku hiyo mdomo wake ulianza kujifunga. Kwanza kijiko kilikataa kuingia. Halafu akawa anakunywa uji na mrija. Daktari alimpiga picha, hakuona kitu. Akasema taya ikifunga kabisa na pumzi ikizidi kukatika, itabidi wamtoboe shingo apate hewa. Ndugu yangu alikaa kitandani akivuta pumzi katikati ya meno. Fyuu. Fyuu. Ile sauti ya kiko.

Nilimfunga mafla, nikachukua ile kiko na mkebe wa tumbako kutoka kwa meza yake, tukaenda Loresho.

Ilikuwa mchana. Nyumba ilikuwa tupu, nyasi imekatwa vizuri, pazia zimetolewa. Kwa veranda palibaki kiti kimoja tu, cha kusukwa. Waithera alifungua geti akiwa na ufagio. Alipoona uso wa Nzau, ufagio ulianguka.

"Aliivuta?"

"Aliivuta," nikasema. "Sasa tuambie, dada."

Aliongea akiangalia chini. Mzee alikuwa mgonjwa wa mapafu. Watoto wake walipiga simu kutoka ng'ambo, wakasema asipewe kiko tena. Waithera akaificha kwa debe la unga.

"Siku ya kufa aliiitisha. Asubuhi mpaka jioni, Waithera, kiko yangu. Mimi nikasema hapana mzee, wamekataza. Alikufa akiuma hewa. Hivi."

Akatuonyesha. Meno yake yaligongana. Ta. Ta. Ta.

"Na sasa hiyo ndiyo sauti nasikia nikifagia hapa," akanong'ona.

Nikapanda veranda, nikajaza tumbako, nikawasha kiberiti. Moto ukala njiti, ukazima. Nikawasha tena. Ukazima.

Nikakumbuka. Kiko haishiki moto bila mdomo. Hata ya susu, mama ndiye aliivuta ya kwanza.

"Dada Waithera. Wewe ulimjua."

Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mimi akinishika hataniachilia."

Nzau alikuwa amepiga magoti kwa ngazi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Fyuu. Kidogo. Fyuu. Kidogo zaidi. Halafu sikusikia ingine.

Nikaiweka mdomoni.

Meno yangu yaliingia kwa zile alama moja kwa moja. Ilikuwa na joto. Nikavuta. Tumbako ikashika. Nikaitoa mbio, nikailaza kwa mkono wa kile kiti, nikashuka kwa nyasi.

Moshi ulipanda mwembamba. Hakukuwa na upepo.

Halafu moto ndani ya kiko ukawa mwekundu. Ukafifia. Ukawa mwekundu. Ukafifia. Polepole, bila haraka, kama mtu amengoja sana na sasa amepata. Moshi mwingine ukatoka juu ya kiti. Haukutoka kwa kiko. Ulitoka hewani, pale mdomo wa mtu mrefu aliyeketi ungekuwa.

Kiti kikalia, kama mtu ameegemea.

Nyuma yangu taya ya Nzau ilitoa sauti ya kupasuka, ka. Akafungua mdomo wazi, akameza hewa, akalia.

Tulingoja mpaka ikajizima. Waithera mwenyewe alichimba shimo kando ya ua, akaifukia bila kuigusa, na ule mwiko wake.

Nzau alipona. Anakula mahindi ya kuchoma na anatutisha na pengo lake. Siku hizi kiko ya marehemu ikiingia River Road, anamwekea mwenyewe kwanza, na mteja akiuliza mbona kazi inachukua muda, anasema kuna mtu yuko mbele yake kwa foleni.

Lakini wiki iliyopita darasani mwalimu aliniita nisome mbele ya wenzangu. Nilisoma ukurasa mzima. Walinipigia makofi. Nikarudi kukaa, nimejaa furaha, nikachukua penseli yangu kuandika.

Ilikuwa imeumwa. Alama juu, alama chini. Juu, upande wa kushoto, mahali pamoja laini.

Nikapitisha ulimi kwa meno yangu. Yote yapo.

Moja linacheza.