Supu ya Samaki wa Boneti

Giza lilikuwa linaanza kuchungulia milima ya Gangwon, huko Korea, pale Gu Man-sik alipoibamiza boneti, akajifuta mikono kwenye suruali, akajisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumsifu. Gari kuukuu, kutu mpaka kwenye vitasa. Lakini mkanda wa feni ulikuwa mpya, na kaufunga kwa mkono wake. Fundi? Fundi wa nini! Sasa ni kumfuata mkewe shamba la kabichi, ng'ambo ya bwawa, kisha nyumbani.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Ili spana ipite, alimwondoa samaki aliyefungwa chini ya boneti.

Kule kwao gari halikosi samaki wake: mkavu kama kuni, kazungushiwa uzi mweupe, macho wazi mchana na usiku, anatazama barabara ili kisichotakiwa kisiingie. Mjane aliyemuuzia gari alimsihi, "Kaka, huyu usimguse. Mume wangu alizama bwawani na gari hili hili. Gari lilitolewa. Yeye hakuonekana."

Man-sik aliitikia vizuri tu. Lakini jana yake alikesha na pombe ya mchele, asubuhi kichwa kinagonga kama nyundo, na hakuna kinachofukuza uchovu wa pombe kama supu ya samaki mkavu. Akamponda, akamchemsha, akalamba na sufuria. Kichwa na mifupa akamtupia paka.

Barabara ya bwawani. Upepo hakuna.

Kwiii... kwiii...

"Mkanda mpya unalia nini?" akanung'unika.

Kisha harufu. Tope. Majani yaliyooza majini. Vioo vikaingia ukungu. Kiti cha nyuma kikabonyea taratibu... kama mtu mzito, aliyelowa, anajiweka sawa.

Tone likamdondokea shingoni.

"Gari... langu..."

Usukani ukaanza kuvuta kulia. Kwenye maji.

Mwingine angeruka, na wewe unayejidai jasiri ungekuwa wa kwanza. Man-sik alitetemeka, ndiyo, meno yaligongana. Ila hasira ilipanda ikaupita woga.

"Gari lako? Breki nani kaziweka? Plagi nani kazisugua? Kabureta nani kaifungulia sebuleni mpaka mke akaninunia? Oili yako niliikuta nzito kama lami! Mtu asiyebadilisha oili hana gari, bwana. Ana jeneza!"

Matairi yakakwaruza kokoto za ukingoni.

"Vuta! Vuta tuone! Nati hizo nimezikaza mimi!"



Usukani ukalegea.

Mkewe alikuwa kasimama kando ya kabichi na kikapu chake. Akaingia mbele.

"Baba Dal-rae, umechelewa. Na mbona unanuka kama chura?"

Akageuka aweke kikapu nyuma. Akaganda. Akakirudisha, akakipakata.

"Si ukiweke nyuma, Mama Dal-rae?"

"Pamejaa," akanong'ona.

Man-sik akakamata usukani. "Basi na akae," akasema kwa sauti, asikike vizuri. "Lakini usukani ni wangu."

Wakapita tena bwawani. Hakuna aliyetazama kioo.

Asubuhi alifungua boneti. Mifupa ya samaki, ile ile aliyomtupia paka, ilikuwa mahali pake. Imefungwa uzi mweupe mpya, unadondosha maji. Na kichwa hakikuangalia barabara tena.

Kilikuwa kimegeuzwa ndani. Kwa dereva.

Man-sik alikitazama. Kikamtazama.

"Haya, angalia," akakiambia. "Labda utajifunza kutunza gari."

Akafunga boneti. Ndipo alipokumbuka spana yake kaisahau humo ndani.

Kri... kri... kri...

Ilikuwa inazunguka. Inakaza au inalegeza, hakujua.

Akaketi kwenye usukani. Akawasha.