Breki ya Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi kabla ya shule, Kifungo alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akatoa baiskeli nje. Jina hilo la utani alipewa na mama kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Baiskeli ilikuwa mtumba kutoka ng'ambo, zawadi ya mjomba wake.

Ilipoletwa, fundi baiskeli wa mtaani aliikagua akamwonya. Kwenye baiskeli walizozoea, breki ya kushoto hushika gurudumu la nyuma. Huko ilikotoka hii, hupangwa kinyume: ya kushoto hushika la mbele. Fundi alitaka abaki nayo abadilishe nyaya, lakini Kifungo alikuwa na hamu ya kwenda kuwaringia wenzake. Akaahidi kuirudisha kesho yake, na kuwaambia watu wa nyumbani. Hakurudi, wala hakusema. Alijua mama angeifungia ndani mpaka itengenezwe.

Jumamosi moja mama aliiazima ampelekee mteja gauni. Kifungo alikuwa anafua. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

Kwenye mteremko wa sokoni mtoto alikatiza barabara. Mama akabana breki ya kushoto kwa nguvu, kama alivyozoea. Gurudumu la mbele likagoma ghafla, akarushwa juu ya usukani.

Mtoto hakuguswa, lakini mkono wa kulia wa mama ulivunjika. Plasta ilipoondolewa, vidole viwili havikukunjika tena. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akajaribu tena, kisha akaiweka chini na kugeukia ukuta.

Majirani walimlaumu fundi kwamba alilipua kazi ya kuikagua. Wateja wakamkwepa, naye hakumtaja Kifungo. Kifungo alipopita kibandani alimkuta peke yake, spana zake zimepangwa, hazina kazi. Akarudi nyumbani, akamfuata mama yake.

"Mama, fundi aliniambia breki zimegeuzwa," alisema. "Nilijua, nikanyamaza."

Mama akamgeukia. "Ulikuwepo nikipanda?"

"Nilikuwepo."

Asubuhi mama alimshika mkono kwa ule wake mzima, wakaenda kibandani. Kifungo aliyarudia maneno yale mbele ya majirani, huku machozi yanamtoka. Wengine waliinamisha vichwa. Fundi hakumgombeza. Alibadilisha nyaya palepale, akamtaka abane breki moja moja aone gurudumu lipi linashikwa.

Waliporudi nyumbani, mama alimkalisha kwenye cherehani, yeye akasimama nyuma yake.

"Mkono wangu haurudi, mwanangu," alisema. "Sisemi hivyo nikuumize. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mtu, mwambie kabla hajapanda, hata kama utakosa unachokipenda. Ukichelewa, utabaki kuomba radhi tu, na radhi haishoni nguo."

Akamwekea kitambaa chini ya sindano na kumwambia akanyage taratibu.