Mwito wa Ndimi Zote

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumatatu asubuhi Profesa Ummukulthum alifungua ofisi ya jarida lake, kachumba kamoja juu ya duka la vitambaa huko ughaibuni, Lewisham, akapokewa na ubani uliochanganyika na nyama mbichi. Mezani palikuwa na bahasha ya kaki iliyolowa upande wa chini. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe Ijumaa, na ufunguo ulikuwa mmoja.

Ndani ya bahasha mlikuwa na ulimi wa mbuzi.

"Ni nani huyu mshenzi?" akafoka.

Kibet, mhariri mwenzake aliyeingia nyuma yake, mtu mzima mwenye watoto watatu, hakuwa akitazama bahasha. Alikuwa akitazama kompyuta. "Prof, cheki. Imejibu."

Jibu walilolitega wenyewe lijitume kwa kila mwandishi lilikuwa limeshatoka, kwenda kwa anwani tupu: Mchango wako umepokewa.

Wiki mbili nyuma walikuwa wamebishana. Walitaka kuwaalika wasomi walete makala za isimu na uchanganuzi wa matini, na Kibet akaandika "lugha zote". Profesa, Mmombasa ambaye kwake Kiswahili cha wengine wote ni cha kuazima, akafuta. "Ndimi, Kibet. Lugha ni neno la sokoni." Mwito ukatoka hivi: Tunakaribisha michango ya ndimi zote. Kiburi cha neno tu, ugonjwa wa kawaida wa wasomi.

"Uko sure ni wasomi tu wameisoma?" Kibet alinong'ona.

Jumanne zilikuja ndimi tatu. Wa mbwa, wa farasi, na wa tatu ulikuwa na shanga ya fedha katikati. Kibet aliitambua akatapika. Anastasia, aliyekuwa akiwapitia makala, alijitoboa ulimi akavaa shanga kama hiyo. Walipompigia simu alipokea dada yake, analia. Anastasia alikutwa jikoni kwake Hayes, yu hai, sakafu nzima nyekundu. Daktari hakuona alama ya kisu. Ulimi uling'olewa mzima, kama muhogo.

"Jaridani tumebaki wawili tu, Prof," alisema Kibet.

Ummukulthum akamwita Bi Mwanaesha, mama wa Kimombasa aliyeishi Edmonton, ambaye siku za kazi huogesha wazee na siku za mapumziko hutoa majini. Alifika adhuhuri kwa basi, chetezo ndani ya mfuko wa dukani. Alisomewa mwito, akasonya.

"Mwanangu, umeomba ndimi?"

"Nilimaanisha lugha, Bi. Wallahi nilimaanisha lugha."

"Jini hajui ulichomaanisha. Anajua ulichosema. Badilisha neno, kwa mdomo na kwa maandishi, upesi kabla hajamgeukia huyu."

Akawasha chetezo, lakini hakuwahi hata kukaa. Chetezo kilipasuka, makaa yakaruka, na Kibet akainuliwa kwa taya mpaka visigino vikaning'inia, na kitu kisichoonekana kikampanua mdomo, meno ya mbele yakikatika moja moja na kudondoka juu ya makala, naye akirusha mateke huku macho ameyakaza kwa profesa, na profesa akiandika, akikosea, akifuta, akiandika tena kwa vidole vilivyoteleza kwa damu iliyomrukia, na Bi Mwanaesha akisoma dua kwa sauti, mpaka Ummukulthum akapiga ukelele, "Si ndimi! Ni lugha! Lugha zote!" na akabonyeza kutuma.

Alichelewa kwa pumzi moja. Kibet alianguka sakafuni, na ulimi wake ukawekwa mezani taratibu, kwa adabu. Sauti nzito ikauliza, "Mbona hamkusema mapema?" Kisha harufu ikaondoka.

Wiki sita baadaye Kibet alirudi kazini na daftari shingoni. Ummukulthum alimlilia, akamwomba radhi mbele ya picha ya watoto wake, naye akampigapiga begani. Aibu ilimla profesa. Asubuhi hiyo alikuwa amewaandikia wasomi wote tangazo la kufunga mwito na kuomba msamaha, akalituma, na sasa akamwonyesha.

"Maneno mepesi matupu, Kibet. Ni kama wewe ndiye uliyeandika."

Kibet alisoma. Alipofika mwisho aliruka kitini. Akapiga meza. "Aa! Aa!" Akamkamata mkono, akauvuta, kalamu ikamponyoka.

"Nini? Niandikie, ndugu yangu, niandikie!"

Aliweka kidole kwenye sentensi ya mwisho, ile ambayo Ummukulthum aliiandika kwa mazoea tu, kama kila mtu anavyoiandika: Tafadhali endeleeni kutuunga mkono.

Kompyuta ikalia. Mchango wako umepokewa. Ubani ulijaa chumbani, na Ummukulthum akahisi vidole vya baridi vikimshika kiwiko, vikipapasa mfupa, vikitafuta pa kuungia.