Kimya cha Dada

Kila jioni Chiriku alipiga pasi sare yake upande mmoja wa meza, huku dada yake akifungua kompyuta upande wa pili. Jina hilo la Chiriku alibandikwa na mama kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Siku hizo, hata hivyo, aliambiwa anyamaze kuliko kawaida, kwani dada alikuwa na jambo zito.

Dada alikuwa amemaliza shahada ya kwanza, na vyuo vikuu viwili vilikuwa vimemkubali kwa shahada ya uzamili. Alipima huku na huku, mwishowe akachagua kile cha mbali, chenye maabara aliyoitamani. Hicho alikijibu ndiyo. Chuo cha pili hakukijibu chochote. Profesa wa huko, mama mtu mzima, alikuwa amemwandikia kwa upendo na kumwekea nafasi yenye ufadhili.

"Si umwambie tu kwamba huendi?" Chiriku aliuliza jioni moja.

"Mtu mzima kama yule nimkatalie? Si adabu. Nikinyamaza ataelewa mwenyewe."

Mara wakasikia hodi. Alikuwa Mrefu, rafiki wa dada tangu shule ya msingi, aliyemfundisha Chiriku hesabu za sehemu kwa kukunja karatasi. Naye alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri ya chuo hicho hicho cha profesa.

"Bado kimya," alisema, akikaa bila kuvua mkoba. "Wanasema kuna mtu hajajibu. Na kule ghalani nilikoomba kazi wanataka nisaini mkataba wa miaka miwili kesho asubuhi. Nimechoka kungoja, jamani. Nitasaini tu."

Dada aliinamia kompyuta. Chiriku alimtazama, akisubiri aseme. Mrefu akaaga na kutoka, na Chiriku akaisahau pasi mpaka kola ikaanza kunuka.

Simu ya dada ikalia. "Ni profesa!" dada alinong'ona. "Pokea wewe. Mwambie sipo."

"Shikamoo, Profesa," alisema Chiriku.

"Marahaba, mwanangu. Dada yupo?"

Chiriku alimfikiria Mrefu akishika kalamu ghalani kesho.

"Yupo," alijibu. "Ila anaona haya kukuambia kwamba haji."

Dada alimkata jicho, kisha akaichukua simu. "Shikamoo, Profesa. Nisamehe. Nimechagua chuo kingine. Niliona kukukatalia ni kukuvunjia heshima."

"Binti yangu, hata ungekataa nisingekasirika. Kimya chako ndicho kilichonifunga mikono. Niandikie sasa hivi, mistari miwili inatosha, nimwite mwenzako."

Dada aliandika pale pale: alishukuru, akaomba radhi, akaiachia nafasi. Jambo aliloliogopa kwa majuma halikuchukua hata muda wa kupiga pasi mkono mmoja wa shati. Kisha akatoka mbio, Chiriku nyuma yake, wakamkuta Mrefu kwenye kona.

"Usisaini. Aliyekuwa hajajibu ni mimi."

"Nimekuja kwenu kila jioni," Mrefu alisema, machozi yakimlengalenga. "Kila jioni unanipa kiti."

Simu ikalia ndani ya mkoba wake. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, Profesa, nitakuja," akaketi ukingoni mwa barabara na kulia. Alipoinuka alimshika Chiriku shavu, akaenda zake bila kumuaga dada.

Mama, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akaelezwa yote. Alivua viatu polepole.

"Mkubwa humheshimu kwa kumkimbia," alimwambia dada. "Mwambie ukweli mapema, kwa maneno mazuri, ili wanaongoja nao wajue njia yao. Kesho nenda kwa Mrefu. Usimpigie simu, nenda. Na wewe Chiriku, leo mdomo wako umefanya kazi. Sare iko wapi?"

"Kola imeungua, mama."

"Lete," alisema dada, akiifunga kompyuta na kutafuta sindano. "Nitaishona mimi."