Divai ya Mama Mbula

Gari la mhubiri Rufus lilizimika maji yakiwa yamefika milangoni, kisha likaanza kuelea.

"Toka kwa dirisha!" Jerusha alipiga kelele. "Sai!"

Ilikuwa Machi 2022, na huko ughaibuni walikoishi mto Hawkesbury ulikuwa umevunja kingo zake. Kibao cha kufunga barabara walikiona wote wawili. Lakini Rufus, dereva wa lori bandarini Port Botany siku za wiki na mhubiri wa Kimethodisti Jumapili, alikuwa amepangiwa kwa Mama Mbula kwenye ratiba ya mzunguko wa makanisa yao, na kwao Meru ratiba ya mahubiri haivunjwi. Bibi huyo mgonjwa hakuwa ameshiriki Meza ya Bwana tangu korona iingie. Rufus akakizunguka kibao. Sikio la kufa halisikii dawa.

Waliogelea hadi kwenye mkaratusi, Rufus na begi lake mgongoni, wakaupanda. Jerusha, muuguzi wa Seven Hills aliyekuja kumpima bibi presha, alikuwa amechanwa paja na seng'enge. Akalifunga kwa skafu. Ndipo wakatazama. Bonde zima lilikuwa bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe walipita wakiogelea, pua juu. Kwenye tawi lililo juu yao nyoka wa kahawia alikuwa amejiviringisha, buibui wamejaa kwenye gome kwa mamia, na hakuna aliyemdhuru mwenzake. Rufus alisahau kuogopa.

"Huyu Mungu," alinong'ona, "huyu Mungu ni mkubwa."

Yakapita masaa matatu. Mikono ya Rufus ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka katika baridi ile, maneno yakamkwama.

"Mhubiri, umekula leo?"

"Nimefunga. Ni Jumapili ya Meza."

"Na insulini?"

"Nilijidunga."

"Ai, Mhubiri! Sukari imeshuka. Uko na nini kwa hiyo bag?"

Alikuwa na chupa ndogo ya divai tamu isiyo na kileo, ambayo mchungaji wa Campbelltown alikuwa ameibariki.

"Hii ni ya Mama Mbula. Imebarikiwa, Sista. Si yangu."

"Nimekushika na mkono mmoja, na mguu unatoka damu. Ukianguka siwezi kukuvuta. Kunywa!"

Akanywa huku analia. Baada ya robo saa mikono ilitulia.

Mungu si Athumani. Mama Mbula alikuwa amewaona mtini kutoka kilimani kwake, akapiga simu. Waokoaji walifika na boti, barakoa zimelowa, wakawashusha kwenye nchi kavu iliyokuwa karibu zaidi, uani kwa bibi.

Rufus alisimama mlangoni akichuruzika maji, aibu imemjaa.

"Mama, divai yako nimeinywa mimi."

"Keti, mwanangu."

Akamwekea mkono kichwani, akaomba kwa Kikamba, muda mrefu. Rufus, aliyezoea kusimama wengine wakikaa, alikaa. Akaelewa nusu, na kwa yote akasema amina.